Vituo vya Pumzi Bondeni Mbwasa

Siku ya kwanza Subilaga alifurahi.

Kila asubuhi alizoea kufungua usingizi wa watu wa Mbwasa, mmoja mmoja, kwenye kioo kilichochukua ukuta mzima wa ofisi yake. Mistari ya kijani ilipanda na kushuka, pumzi ndani, pumzi nje, usiku mzima umelazwa ukutani kama shamba lililolimwa matuta. Hapa na pale tuta lilikosekana. Mstari ulinyooka kwa muda mfupi, kama mtu aliyesimama njiani akijaribu kukumbuka alichokuwa anafuata, kisha ukaendelea. Sehemu hizo zilizonyooka ziliitwa vituo, na kazi ya Subilaga, msomaji wa pumzi aliyesomea na kuapishwa, ilikuwa kuvielewa.

Mashine iliyokaa kando ya kitanda cha kila mgonjwa iliweza kuvihesabu yenyewe. Kuvielewa ilikuwa jambo jingine. Kituo cha aina moja hutokea koo linapolegea na kuziba. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na barakoa inayosukuma hewa puani usiku kucha ndiyo dawa yake. Cha aina ya pili hutokea njia ikiwa wazi kabisa. Ubongo tu haujatoa amri. Mtu amelala, kifua kimetulia tuli, hakuna kinachomzuia kuvuta pumzi, ila havuti. Anangoja.

Mwalimu Anyosisye, mstaafu aliyekuwa akiishi bondeni karibu na ziwa, alijaa vituo vya aina hiyo ya pili. Tangu aanze kuvaa barakoa, ile nyepesi kama utando wa yai, koo lake halikuziba tena, lakini ubongo wake ulipenda kusitasita. Subilaga aliipunguza presha ya mashine yake, akaipandisha, akaipunguza tena. Vituo vilibaki. Havikuwa na hatari, ila vilimkera kama bomba linalodondosha maji kwa jirani.

Asubuhi ile kioo kiliandika: Vituo hakuna. Hongera.

Akampigia simu palepale.

"Shikamoo, Mwalimu. Umelalaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimelala kama gogo! Sijui umeifanya nini hii mashine yako, lakini ndaga fijo, asante sana. Kichwa tu ndicho kinanigonga kidogo."

"Kunywa maji, Mwalimu. Kitaacha."

Alikata simu akitabasamu. Hakuwa ameigusa ile mashine kwa mwezi mzima, na hilo lilimjia akilini baadaye, akiwa anakunywa chai.

Kesho yake kioo kilimpa hongera nyingine kadhaa, zote za wagonjwa waliosumbuliwa na vituo vya kungoja. Asubuhi iliyofuata hongera zilikuwa nyingi mno. Subilaga aliwauliza waliotengeneza mashine kama wamebadilisha programu; wakajibu hawajabadilisha chochote. Akarudi kwenye mistari yenyewe, akaangalia kitu ambacho kioo hakikuombwa kukiangalia: urefu wa matuta. Pumzi za watu wale zilikuwa zimekosa vituo, na pia zilikuwa nzito. Walivuta hewa kama watu wanaopanda mlima, nao wamelala chali vitandani mwao.

Sheria ya Siri ya Mwili ilimruhusu kumsoma kila mgonjwa peke yake. Kuwaweka pamoja kwenye ramani ilikuwa marufuku. Zamani, kabla hajazaliwa, usingizi wa watu uliuzwa kwa waajiri, na maelfu walifukuzwa kazi kwa sababu ya namna walivyopumua. Watu wakazitupa barakoa. Wakafa wakikoroma, kimyakimya, katika miji yote ya nyanda za juu. Ilichukua kizazi kizima, na sheria kali, kuwashawishi wazivae tena.

Akafunga mlango, akawaweka kwenye ramani.

Nyumba za Mbwasa zilimetameta ukutani, kuanzia kando ya lile ziwa dogo lililojaa kwenye shimo la volkano ya kale, hadi juu ukingoni ilipokuwa zahanati yake. Waliokuwa bado na vituo aliwaachia nuru. Waliovipoteza akawazima. Kisha akaziendesha siku, moja baada ya nyingine.

Giza lilianzia majini. Usiku wa kwanza lilizifunika nyumba za chini kabisa. Wa pili likapanda hadi kwenye kisima cha zamani. Wa tatu likafika kwenye uwanja wa shule, na mpaka wake ulikuwa sawasawa pande zote za bonde, kana kwamba mtu ameupima kwa kamba. Hakuna aliyekuwa juu ya mstari ule aliyepoteza hata kituo kimoja. Hakuna aliyekuwa chini yake aliyebaki nacho. Bakuli hujaa maji namna hiyo.

Lakini bondeni hapakuwa na maji mapya. Palikuwa na nini, kizito kuliko hewa, kisichoonekana wala kunusika?

Alikijua kabla hajamaliza kujiuliza, akaketi sakafuni.

Ubongo hautoi amri ya kuvuta pumzi kwa sababu ya kukosa hewa safi. Hungoja hewa chafu, hewa ya ukaa, ipande katika damu hadi kiwango fulani. Hapo ndipo husema, vuta. Mashine ya presha humsafisha mtu damu kupita kiasi, hewa ya ukaa ikapungua, na ubongo ukawa hauna wa kuuamsha. Ndiyo maana hungoja. Ndiyo maana ya vituo. Sasa mwongezee mtu huyo hewa ya ukaa kidogo chumbani mwake, na ubongo hautakuwa na cha kungojea tena. Vituo vitatoweka. Atapumua kwa nguvu, bila kusita, na asubuhi ataamka na kichwa kinachogonga.

Ardhi ya Mbwasa ilikuwa inatoa pumzi. Usiku, upepo ukitulia, pumzi hiyo ilitambaa kutoka ziwani na kupanda kitanda hadi kitanda. Jua likitoka iliyeyuka, vyombo vya kupimia visione kitu. Na mamia ya watu, wamefumba macho, wakiota ndoto zao, walikuwa wameipima usiku baada ya usiku kwa usahihi ambao chombo chochote kingeuonea wivu. Hawakujua. Walilala tu, na miili yao ikawa inasoma volkano.

Subilaga alijiona analia, na haikuwa kwa woga. Woga ulikuja baadaye kidogo. Kwanza ulikuja mshangao, mkubwa kiasi kwamba alinyanyua mkono na kuugusa ukuta, pale lilipokuwa ziwa.

*

Kebo, behewa lililoning'inia kwenye waya, ilishuka bondeni ikipita juu ya mashamba ya chai, ambako mashine za kuchuma zilitambaa taratibu kama konokono. Andengenye Mwaisumo, aliyekuwa akiiendesha kwa miaka mingi, alisimama mbele ya usukani wake amevaa kofia ya kazi. Abiria alikuwa mmoja tu.

"Baba Lusajo, umeamkaje?" Subilaga aliuliza.

"Salama, daktari. Kichwa tu. Mama Lusajo naye analalamika hivyohivyo." Akacheka kidogo. "Na kuku wetu wamekufa bandani. Kideri hicho."

Nyumba ya Andengenye ilikuwa ya chini kuliko zote, peke yake kwenye ncha ya ardhi iliyoingia ziwani. Yeye ndiye aliyezimika wa kwanza kwenye ramani, usiku uleule wa Mwalimu, saa chache kabla yake. Subilaga alimweleza yote, kwa maneno mepesi. Aliwaeleza na wengine asubuhi ile, kwa simu na nyumba kwa nyumba. Wa juu walikubali usingizi wao uonyeshwe. Wa chini wengi walikuwa waendesha mitambo ya chai, na waliposikia neno halmashauri walikata simu.

Andengenye alisikiliza mpaka mwisho, mkono haukutoka kwenye usukani.

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?"

"Ruhusa. Halmashauri inakutana mchana huu. Bila nyumba za chini hawataona kitu."

"Utataja jina langu?"

"Nisipolitaja, wataliona. Nyumba yako iko peke yake pale."

Aliitazama nguzo nyingine ikipita.

"Unamkumbuka yule kijana wa winchi, Ambele? Alijulikana ana ugonjwa huu, wakamnyang'anya leseni. Akapona kabisa. Hawakumrudishia. Sheria yao haina neno la aliyepona, daktari, ina neno la mwenye ugonjwa tu. Mimi tangu nivae barakoa sijasinzia hapa hata mara moja. Wewe unajua. Wewe ndiye pekee unayejua."

"Najua, Baba Lusajo."

"Basi familia yangu nitaipandisha leo hii. Majirani nitawaambia wahame."

"Watahama kwa neno lako?"

Mwaka uliopita boya la kupima ziwa lilipiga king'ora, watu wakahamishwa, chai ikaoza, na ikaja kugundulika kwamba mamba alikuwa ameung'ata waya. Tangu hapo neno kuhama lilikuwa kichekesho Mbwasa.

Kebo ilipogusa kituo, Andengenye alimfungulia mlango. "Usinitaje," alisema. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji.

"Nimekusikia," Subilaga akajibu.

*

Mwenyekiti wa halmashauri, Mama Lugano, hakuwa mtu wa dharau. Alisimama mbele ya ramani ambayo Subilaga aliileta ukumbini, akaitazama kwa makini. Ilikuwa na nuru chache, zote za nyumba za juu, za wale waliokubali.

"Binti yangu," alisema, "hawa wote vituo vyao vipo. Nioneshe kilichoharibika."

"Kilichoharibika kiko chini, Mama. Wa chini hawakuruhusu."

"Boya linasema ziwa limetulia. Mtaalamu wa chuo nimekwishampigia; atafika kesho kutwa na vipimo vyake. Tukimngoja yeye, tunakosa nini?"

"Usiku wa leo hauna upepo. Kila usiku hewa hiyo inapanda, na ile iliyo chini inazidi kuwa nzito. Mama, walioko chini kabisa tayari wanapumua kama wanaokimbia. Ikizidi hapo, mtu haamki."

"Nakuamini kwamba unaamini. Lakini siwezi kuuhamisha mji kwa ramani yenye mashimo."

Ramani nzima ilikuwa mfukoni mwa Subilaga, ndani ya kifaa kidogo kama punje ya kunde.

Mtu wa mbali angedhani uamuzi ule ni mwepesi: bonde zima upande mmoja, kazi za watu wachache upande mwingine. Subilaga hakuuona hivyo. Aliyaona makabati ambamo barakoa zitafichwa tena watu wakisikia kwamba msomaji wa pumzi ametoa siri. Aliwaona watakaokufa kwa koo kuziba, leo mmoja, mwezi ujao mwingine, katika miji ambayo haijawahi kumsikia, bila mtu kuhusisha vifo vyao na alasiri hii. Hao nao walikuwa watu. Na mlangoni alimwona Andengenye, ameshika kofia yake, akimtazama.

"Naomba iandikwe," Subilaga alisema, "kwamba navunja kiapo kwa hiari yangu. Wenye usingizi huu hawakuniruhusu. Mmoja wao alinikataza kwa mdomo wake."

Akakibonyeza kile kifaa.

Nyumba zote za Mbwasa ziliwaka ukutani. Kisha giza likaanza kutoka ziwani, likapanda usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, likiwa limenyooka pande zote. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hapakuwa na haja ya kuwaeleza. Kila mmoja pale alikuwa ameona bakuli likijazwa.

"Ile pale ncha ya ziwa," mtu alinong'ona nyuma, "si kwa Andengenye?"

Vichwa viligeuka. Andengenye hakuondoka. Alisimama mlangoni akitazama ukuta, akiutazama usingizi wake mwenyewe ukizimika wa kwanza, na uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa na ile sura ya mtoto anapooneshwa kwa mara ya kwanza picha ya dunia ilivyo kutoka juu.

Mama Lugano alikwenda hadi ukutani, akaweka kidole juu kidogo ya mstari wa mwisho.

"Usiku wa leo giza litafika wapi?"

Subilaga akamwonesha. Bweni la shule lilikuwa chini yake, na soko, na nyumba ya Mama Lugano mwenyewe.

"Pigeni king'ora," akasema mwenyekiti.

*

Njia ya haraka ya kutoka bondeni ilikuwa kebo. Kwenye kituo watu walijaa na magodoro, masufuria, na watoto mgongoni, na habari ilikuwa imewatangulia. Katibu wa halmashauri alisimama mbele ya mlango wa kebo akiwa ametoa jasho.

"Sheria iko wazi," alimwambia Mama Lugano. "Mwenye ugonjwa huo haruhusiwi kushika usukani. Tumtafute dereva mwingine."

"Dereva mwingine yuko wapi?"

"Mjini. Anaweza kufika usiku."

Andengenye alisimama kando, mikono imelegea. Hakuna aliyesogea kupanda. Wapo waliomtazama na kugeuza macho. Miaka yote ile alikuwa amewapandisha na kuwashusha juu ya makorongo, na sasa walikuwa wanajiuliza.

Mwalimu Anyosisye alipenya kati ya watu na mkongojo wake. Alimpita katibu kama vile hakumwona, akaingia ndani ya kebo, akaketi kiti cha mbele, akauweka mkongojo magotini.

"Andengenye," aliita, "mimi nilikufundisha kusoma, na ulikuwa msumbufu kweli. Haya, nipandishe. Kichwa kinaniuma."

Mtu fulani alicheka. Mama mwenye mapacha akaingia, kisha bweni zima la wasichana, kisha wote wakawa wanasukumana. Andengenye alivaa kofia yake.

Alipanda na kushuka alasiri yote hadi jua likazama. Waliokuwa na magari walipita barabara ya mzunguko, wengine walipanda kwa miguu kupitia kwenye chai. Ng'ombe wengi walibaki. Safari ya mwisho ilimleta Mama Lugano na wazee wawili waliokuwa wamejificha chini ya vitanda ili wasihamishwe, na wakati huo bonde lilikuwa bluu na zuri, na hakuna kitu chochote duniani kilichoonekana salama kuliko lile ziwa.

*

Waliamshwa na ukimya. Kwa kawaida majogoo wa bondeni husikika hadi ukingoni. Asubuhi ile hakuna aliyewika.

Watu walitoka kwenye madarasa ya shule ya ukingoni, kwenye kanisa na kwenye korido za zahanati, wakiwa wamejifunika mablanketi, wakasogea ukingoni. Bonde halikuwapo. Palikuwa na weupe, ukungu ulioganda ndani ya hewa ile nzito, uliojaa hadi juu ya soko, tambarare kama maziwa kwenye bakuli, usio na hata wimbi moja. Ncha ya mnara wa shule ilitokeza. Mti mmoja mrefu ulitokeza, na juu yake kunguru walikuwa wamejazana wote, hawaruki, hawalii.

Jua lilipopanda weupe ule ulianza kupungua kidogokidogo, na ziwa likaonekana. Lilikuwa jekundu. Lilikuwa limejipindua usiku, likaleta juu kila kilicholala chini yake tangu kabla ya watu kuwapo, na sasa lilitulia pale kama jicho lililofunguka. Kandokando yake ng'ombe walilala kwa mistari, kama waliosinzia.

Mamia ya watu walisimama ukingoni na kilichosikika kilikuwa pumzi zao, zikitoka kama moshi kwenye baridi. Mama mmoja aliwashika mapacha wake vifuani, kiganja kila upande, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Subilaga alisikiliza. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa amezitazama pumzi ukutani. Hakuwahi kuzisikia nyingi hivi kwa pamoja, za watu walio macho, akainamisha kichwa kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu.

Andengenye alikuja akasimama karibu naye. Hakuwa na kofia.

"Katibu amechukua funguo za kebo," alisema. "Kwa heshima kabisa. Amenisalimia kwanza."

"Nami nimempa leseni yangu. Na wagonjwa wawili tayari wamerudisha mashine zao."

"Nimewaona wakizileta."

Wakatazama chini. Nyumba yake ilikuwa bado haijatokeza.

"Lusajo amelala hadi saa hizi," Andengenye alisema. "Mama yake kamwamsha mara mbili ili tu amwone anaamka." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sitakuambia ulikosea, daktari. Nitakuwa mwendawazimu nikisema hivyo nikitazama kitu kama hiki. Lakini ulinitaja."

"Nilikutaja."

"Nilikuwa nakuja pale mlangoni. Unajua nilikuwa nakuja kufanya nini?"

"Hapana."

"Hata mimi sijui. Nilikuwa nimetoka kwenye kebo, nikapanda ngazi, nikasimama. Labda nilikuwa nakuja kusema, onyesheni usingizi wangu. Labda nilikuwa nakuja kuhakikisha umenyamaza. Nilikuwa bado naamua, na wewe ukabonyeza. Sasa nitaishi miaka yangu yote bila kujua mimi ni yupi kati ya hao wawili."

Subilaga alikuwa na maneno ya kuomba radhi, aliyaandaa tangu usiku, na sasa aliyaona madogo, hayafiki hata nusu ya kitu alichomnyang'anya mtu huyu.

"Pole, Baba Lusajo," alisema mwishowe.

Andengenye aliitikia kwa kichwa. Hakuondoka. Bondeni weupe ulishuka tena kidogo, na paa la bati likang'aa juani, la nyumba ya peke yake kwenye ncha ya ziwa jekundu, mlango wake umefungwa, na ndani yake hapakuwa na mtu yeyote.